Mfumo Mpya wa Kuendesha Kompyuta na Kiswahili cha Maniema ya Kusini: Ugumu Uko Wapi?

1. Utangulizi

Mara kwa mara hutolewa rai vyuoni kwamba Waafrika waunde mfumo wao wenyewe wa kuendesha kompyuta, utakaosema lugha zao na kuwaondolea utegemezi kwa makampuni machache ya ng'ambo. Rai hiyo si ya kubezwa. Mtu wa Kasongo au wa Kabambare anapowasha kompyuta hulakiwa na Kifaransa. Akibadilisha lugha, mara nyingi huangukia Kiingereza. Kiswahili anachokitumia sokoni, msikitini na kanisani, na ambacho mwanawe anakisikia katika darasa la kwanza, ama hakimo kabisa ama kimo kwa sura ya pwani, ambayo humlazimu asome jambo mara mbili. Hali hiyo ipo ingawa Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia.

Makala haya yanachunguza ugumu unaomkabili anayetaka kuunda mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, kisha yanautazama ugumu huo kutoka Maniema ya Kusini. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu ngumu ya mfumo mpya si ile inayoandikwa na wahandisi katika miaka ya mwanzo. Sehemu ngumu ni makubaliano yanayouzunguka mfumo: ya watengenezaji wa vifaa, ya waandishi wa programu, ya watumiaji, na hatimaye makubaliano ya lugha yenyewe. Hilo la mwisho haliwezi kufanywa na mhandisi peke yake. Ni kazi ya mwanaisimu, na katika Kiswahili cha Kongo kazi hiyo bado haijafanywa ipasavyo.

2. Mfumo wa kuendesha ni nini?

Mfumo wa kuendesha ni ile programu ya msingi inayosimama kati ya mashine na kila programu nyingine. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini hugawa kumbukumbu, huamua programu ipi itumie kichakataji na kwa muda gani, na huzuia programu moja isivuruge nyingine. Kukizunguka kiini kuna viendeshi, yaani programu ndogondogo zinazojua namna ya kusema na kifaa fulani: kiwambo, kipanya, printa, kadi ya mtandao. Juu ya hapo kuna huduma za kuhifadhi mafaili na kulinda siri za mtumiaji. Tabaka la juu kabisa ni kiolesura, yaani uso ambao mtumiaji anauona na kuusoma.

Mgawanyo huu una umuhimu wake, kwa kuwa watu wanaposema "mfumo mpya" hawakusudii jambo moja. Wengine hukusudia kiini kipya. Wengine hukusudia mfumo uliojengwa juu ya kiini kilichopo, kama Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008 na ambayo hutumia kiini cha Linux. Wengine tena hukusudia uso mpya tu, wenye lugha nyingine. Gharama za njia hizi 3 hazilingani hata kidogo, na mjadala mwingi hupotea kwa sababu ya kuzichanganya.

3. Kiini na vifaa

Historia inaonyesha kwamba kiini kinaweza kuanzishwa na mtu mmoja. Mnamo Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaandika mfumo mdogo kwa ajili ya kompyuta yake, na kwamba anaufanya kama mchezo tu. Toleo la 1.0 la Linux lilitoka Machi 1994 likiwa na mistari isiyofika 200,000. Leo kiini hicho kimepita mistari milioni 30, na sehemu kubwa ya mistari hiyo si kiini chenyewe bali ni viendeshi. Tarakimu hizi zinaonyesha mahali ulipo mzigo: kila kifaa kinachotengenezwa duniani hudai kiendeshi chake, na asiyekuwa nacho hana matumizi ya kifaa.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba Torvalds hakuanzia mahali patupu. Tangu mwaka 1983 Richard Stallman na wenzake walikuwa wameanza mradi wa GNU nchini Marekani, na zana nyingi zinazokizunguka kiini zilikuwa tayari. Kilichokosekana kwao kilikuwa kiini. Kiini chao wenyewe, Hurd, kilianzwa mwaka 1990 kwa usanifu uliosifiwa na wataalamu, lakini hadi leo hakijapata matumizi mapana. Linux, iliyokuwa na usanifu wa kawaida zaidi, ilitangulia kufika mikononi mwa watu, na waliokuja waliijenga zaidi. Usanifu bora haukutosha kumshinda aliyetangulia kukusanya wasaidizi.

Mfano wa pili ni BeOS. Kampuni ya Be ilianzishwa mwaka 1990 na Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya Apple. Mfumo wake ulikuwa mwepesi na hodari katika sauti na picha, lakini haukupata programu wala watengenezaji wa kompyuta wa kutosha, na mali ya kampuni iliuzwa mwaka 2001. Mwaka huohuo wapenzi wake walianza kuuandika upya kwa hiari, kwa jina ambalo baadaye lilikuwa Haiku. Toleo lao la kwanza la majaribio ya kiwango cha beta lilitoka Septemba 2018. Ilichukua miaka 17 kwa watu wenye ujuzi, waliokuwa na mfano kamili mbele ya macho yao, kufika kwenye toleo la majaribio.

Katika Maniema ya Kusini suala la vifaa lina uzito wa pekee. Kompyuta nyingi zinazofika Kasongo zimekwisha kutumika kwingine, nazo ni za miundo na miaka mbalimbali. Kindu, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo wakati wa mvua haitabiriki, na kutoka Kasongo hadi Kabambare kuna safari nyingine ya zaidi ya kilomita 100. Umeme hutoka zaidi kwenye paneli za jua na jenereta. Mfumo usioitambua kadi ya mtandao ya kompyuta ya miaka 12, au unaoharibu mafaili umeme ukikatika ghafla, hautapewa nafasi ya pili. Aidha, kila mfumo hudai marekebisho ya mara kwa mara ili kuziba mianya ya usalama, na marekebisho hayo huja kwa intaneti, ambayo mtumiaji hulipia kwa kiasi anachotumia. Kwa muda fulani mradi wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya msingi wa Linux, ulikuwa ukituma diski za bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2011, na kwa maeneo yasiyo na intaneti nafuu pengo lake lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana Ulaya.

4. Programu na watumiaji

Vifaa vikipatikana, mfumo mpya hukutana na duara. Mtumiaji hauchukui mfumo usio na programu anazozihitaji. Mwandishi wa programu hauandikii mfumo usio na watumiaji. Kila mmoja humngoja mwenzake, na mfumo hufa wakiwa wanangojana.

Wasomaji wa taarifa hii wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa lugha yenyewe. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe, na Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wabangubangu wa Kabambare, pamoja na Wakusu na Wazimba wa Kasongo, walikuwa na lugha zao kamili, zenye kila kinachohitajika kwa kueleza maisha. Hawakukichukua Kiswahili kwa sababu sarufi yake ilikuwa bora kuliko ya Kibangubangu au ya Kizimba. Walikichukua kwa sababu ya biashara, na pia kwa sababu ya nguvu na utumwa uliofuatana na biashara hiyo. Na kikaendelea kuwepo baada ya Kasongo kutekwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo Aprili 1893, kwa kuwa kiliwaunganisha watu wengi. Thamani ya lugha ya mawasiliano ni idadi ya watu wanaoweza kuzungumzishwa kwayo. Mfumo wa kompyuta hufuata kanuni hiyohiyo. Anayeleta mfumo mpya ni kama anayeleta lugha mpya sokoni: hata ikiwa nzuri mno, swali la kwanza litakuwa, "Nitazungumza na nani?"

Hata fedha nyingi haziondoi kanuni hii. Microsoft ilileta mfumo wake wa simu, Windows Phone, mwaka 2010, ikashirikiana na Nokia kuanzia mwaka 2011, na bado Oktoba 2017 ilikiri hadharani kwamba haitauongezea mambo mapya. Programu zilikuwa zimebaki kwa wengine. Huawei, iliyozuiwa na Marekani mwaka 2019 kutumia huduma za Google katika simu zake mpya, ilitangaza mfumo wake wa HarmonyOS mwaka huohuo. Lakini katika miaka ya mwanzo ilihakikisha kwamba simu zake zinaendelea kuzikubali programu za Android. Ni mwaka 2024 tu, ikiwa na soko kubwa la China nyuma yake, ilipotoa toleo lisilozitegemea tena.

Mfano ulio karibu zaidi na Maniema ni KaiOS. Shirika la Mozilla lilitangaza mwaka 2011 mpango wa mfumo huria wa simu, Firefox OS, ambao simu zake za kwanza ziliuzwa mwaka 2013. Desemba 2015 Mozilla iliacha kuuza simu hizo kupitia makampuni ya simu. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, wengine waliuchukua na kuunda KaiOS, mfumo wa simu ndogo zenye vitufe, za bei ya chini na betri inayodumu. Mwaka 2019 kampuni ya Orange, ambayo Kongo ni mojawapo ya nchi inamofanyia biashara, ilitangaza simu ya aina hiyo iitwayo Sanza kwa ajili ya Afrika. Nchini Tanzania Vodacom iliuza simu ya namna hiyohiyo kwa jina la Smart Kitochi. Kwa mtu anayechaji simu kwa paneli ndogo ya jua, mfumo huo ulifaa kuliko Android.

Hata hivyo, watu wengi waliinunua simu hiyo kwa sababu ya programu moja: WhatsApp. Katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kutolewa kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mapema mwaka 2025 ikakoma kuhudumia hata wale waliokuwa nayo. Simu zilibaki nzima. Kiini chake hakikupungua chochote. Lakini mtu aliyeitegemea simu hiyo kupokea sauti ya ndugu yake aliyeko Kalemie au Bukavu aliambiwa, kwa kweli, anunue simu nyingine. Uamuzi huo haukufanywa na walioandika mfumo wala na walioutumia. Ulifanywa na upande wa tatu. Hilo ndilo hasara ya mfumo mdogo: hatima yake iko mikononi mwa watu wasiouhitaji.

5. Tajriba ya Dar es Salaam

Ugumu huu ukishafahamika, njia ya tatu, yaani kubadili uso wa mfumo uliopo, huonekana nyepesi. Tajriba ya Afrika Mashariki inafaa kuchunguzwa hapa. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, iliendesha mradi wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, ukijulikana kama Kilinux. Desemba mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutoa Windows na Office kwa Kiswahili, kwa msaada wa wataalamu wa lugha wa vyuo vya kanda.

Kazi ya Microsoft haikuwa mfumo mpya. Ilikuwa tabaka la maneno lililotandazwa juu ya mfumo wenye lugha nyingine ya msingi, na sehemu ambazo hazikutafsiriwa ziliendelea kujitokeza kwa lugha hiyo. Jambo, kwa upande wake, lilikuwa huria, na yeyote angeweza kuliendeleza. Lakini tafsiri ya programu haina mwisho. Kila toleo jipya huleta menyu mpya, ujumbe mpya wa makosa na maelezo mapya ya msaada. Tafsiri iliyokamilika mwaka mmoja huwa na mapengo mwaka unaofuata, na fedha za mradi kwa kawaida hutolewa kwa kuanza kazi, si kwa kuiendeleza.

Istilahi nazo zilileta mvutano ambao wasomaji wanaufahamu: kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Mjadala huo ulikuwa na manufaa, lakini ulikuwa mjadala wa pwani na bara la Afrika Mashariki. Usanifishaji wa Kiswahili ulioanzishwa na Kamati ya Lugha ya Makoloni mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja ulihusu maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza. Kongo haikuwamo. Miaka 2 kabla ya hapo, mwaka 1928, mmisionari John Whitehead alikuwa amechapisha katika kituo cha Wayika, kando ya Lualaba, kitabu chake cha Kingwana, akikishughulikia Kiswahili cha magharibi kwa haki yake chenyewe. Pengo lililokuwapo kati ya kamati ile na kitabu kile linaonekana hadi leo kwenye kioo cha kompyuta.

6. Mfumo unaposoma Kiswahili cha Kasongo

Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, kinaweka chini ya msimbo mkuu wa Kiswahili, swa, misimbo miwili: swh kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Katika hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode Consortium, ambayo mifumo mingi mikubwa huitegemea, Kiswahili cha Kongo huonyeshwa kwa msimbo sw-CD. Mlango, basi, upo. Linalobaki ni kujua kilichomo ndani. Mambo 4 yatatosha kuonyesha uzito wa suala hili.

(a) Tarakimu. Nchini Tanzania na Kenya, 2,500 ni elfu mbili mia tano. Kwa mtu wa Kongo, aliyefunzwa hesabu kwa Kifaransa, koma hutenganisha desimali, na 2,500 ni mbili na nusu. Na uchukuliwe mfano wa mnunuzi wa dhahabu huko Salamabila, katika eneo la Kabambare, anayeandika uzito kwa gramu katika jedwali la kompyuta. Ikiwa mfumo umewekwa kwa Kiswahili cha Tanzania, naye akaandika 2,500 akikusudia gramu mbili na nusu, mashine itahesabu elfu mbili mia tano. Kosa la ukubwa huo litagunduliwa. Lakini akiandika 2,5, jedwali linaweza kulichukua kama maneno matupu, likaliruka katika jumla bila kutoa onyo. Kosa la namna hiyo halionekani mpaka mtu amekwisha kulipwa pungufu. Muuguzi anayeandika kipimo cha dawa yumo katika hatari hiyohiyo. Hazina ya Unicode inaitambua koma ya desimali kwa sw-CD; anayechagua Kiswahili bila kuangalia nchi huipoteza faida hiyo.

(b) Kalenda. Majina ya siku ya pwani huhesabu kutoka Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu, Jumanne ni ya nne. Kisha huja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni siku ya tano, Jumapili ikiwa ndiyo ya kwanza. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo wasemaji wengi huhesabu kutoka siku ya kwanza ya kazi: siku ya kwanza ni Jumatatu ya pwani, siku ya nne ni Alhamisi, siku ya tano ni Ijumaa, na Jumamosi huitwa siku ya posho, jina lililobaki kutoka enzi za kugawiwa chakula kazini. Kwa hiyo "nne" ya Jumanne na "nne" ya siku ya nne zimetengana kwa siku 2. Waislamu wa Kasongo wanaijua Ijumaa kwa jina lake, na wengi wanayajua majina yote ya pwani. Lakini kujua si sawa na kusoma haraka. Kituo cha afya kinachotumia kalenda ya simu kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo hakiwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo.

(c) Upatanisho wa kisarufi. Ujumbe wa mifumo mingi huandikwa kwa nafasi wazi inayojazwa na jina la kitu: "[kitu] imefutwa". Katika Kiingereza au Kifaransa nafasi hiyo huleta taabu ndogo. Katika Kiswahili jina la kitu huamua kiambishi cha kitenzi: picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, majina yamefutwa. Mfasiri anayepewa sentensi moja tu kwa majina yote hulazimika kuchagua kosa lipi litokee mara chache zaidi. Dawa yake haimo katika tafsiri. Imo katika msimbo wenyewe, ambao ungepaswa kuandikwa na mtu anayejua kwamba kuna lugha za ngeli. Ni kweli kwamba mazungumzo ya kila siku nchini Kongo mara nyingi hupunguza upatanisho huo, na kuna watakaoona hapo njia ya mkato. Lakini wasemaji hao hao, wanaposoma maandishi rasmi, hutarajia upatanisho kamili. Kwa hiyo swali la kiwango kipi cha lugha kitumike haliwezi kujibiwa na mfasiri aliye peke yake mbele ya kioo.

(d) Maandishi. Kiswahili kwa hati ya Kilatini hakidai herufi za pekee, na kwa hilo kina bahati kuliko lugha nyingi. Hata hivyo, ritifaa ya ng'ombe na ya ng'ambo huchukuliwa na programu nyingi kuwa alama ya kunukuu, hivyo neno hukatwa mahali pasipostahili au alama hugeuzwa upande. Kikagua tahajia nacho hakiwezi kutegemea orodha ya maneno tu, kwa sababu kitenzi kimoja huzaa maumbo kwa maelfu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuishughulikia kazi hiyo mwaka 1985, kwa programu inayochanganua neno hadi viambishi vyake. Lakini kichanganuzi kilichojengwa juu ya Kiswahili sanifu kitautia mstari mwekundu umbo kama katoto na wingi wake tutoto, maumbo ya kawaida kabisa nchini Kongo. Mwanafunzi wa Kasongo ataambiwa na mashine kwamba lugha ya mama yake ni kosa.

7. Njia inayowezekana

Yaliyotangulia hayamaanishi kwamba hakuna la kufanya. Yanamaanisha kwamba nguvu chache zilizopo ziwekwe mahali zinapozaa. Kuandika kiini kipya huko Kindu, Lubumbashi au Bukavu ni zoezi zuri la kufundishia wanafunzi wa kompyuta, na lifanywe kwa ajili hiyo. Kutarajia kwamba kiini hicho kitachukua nafasi ya Linux au Android ni kusahau miaka 17 ya Haiku na hatima ya Windows Phone.

Kazi inayozaa ni ya namna 3. Kwanza, kukusanya data ya Kiswahili cha Kongo kwa utafiti wa nyanjani: majina ya siku na miezi, namna ya kutaja saa, tarehe na fedha, kwa kutofautisha Kasongo na Kabambare kwa upande mmoja, na Lubumbashi, Bukavu na Bunia kwa upande mwingine. Hazina ya Unicode hupokea data kutoka kwa wachangiaji wanaoithibitisha kwa kura, na data isiyo na uthibitisho wa kutosha haipandishwi daraja. Idara moja ya Kiswahili yenye wanafunzi makini inaweza kuzijaza nafasi hizo katika mwaka mmoja wa masomo, na matokeo yake yakapokewa hatua kwa hatua na mifumo inayotumia hazina hiyo bila kiini kimoja kuandikwa.

Pili, kupima istilahi kwa watumiaji kabla ya kuziingiza. Neno "hifadhi" halina kosa, lakini "weka" linaeleweka papo hapo kutoka Lamu hadi Kasongo. Mahali ambapo neno moja la kawaida linawatosha wote, hakuna sababu ya kuchagua linalowatosha wachache. Mahali ambapo wasemaji wa Kongo wamezoea neno lenye asili ya Kifaransa na wale wa pwani neno lenye asili ya Kiingereza, tofauti hiyo iandikwe kama tofauti, chini ya sw-CD na sw-TZ, badala ya kila upande kumtuhumu mwenzake kuwa hajui lugha.

Tatu, kuidumisha kazi. Jambo OpenOffice ilionyesha kwamba wataalamu wa Afrika Mashariki wanaweza kuifanya kazi hii kwa ufanisi, na pia kwamba tafsiri inahitaji mtunzaji wa kila mwaka. Chuo kina jambo ambalo mradi wa wafadhili hauna: kila mwaka hupokea wanafunzi wapya. Tasnifu ndogo za shahada ya kwanza, zikigawanywa kwa mpango, zinaweza kuifuatilia programu moja huria toleo baada ya toleo.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa mfumo mpya wa kuendesha kompyuta hupanda kadiri unavyotoka kwenye kiini kuelekea kwa watu. Kiini kinaweza kuanzwa na mwanafunzi mmoja. Viendeshi hudai maelfu ya wachangiaji. Programu hudai soko, na soko linaweza kuondolewa na uamuzi wa kampuni moja, kama watumiaji wa KaiOS walivyojionea. Lugha hudai makubaliano ya wasemaji, na makubaliano hayo hayanunuliwi wala hayaandikwi kwa niaba yao.

Maniema ya Kusini ilikipokea Kiswahili kutoka njia ya misafara, ikakifanya chake. Hakuna sababu ya lugha hiyo kuingia katika mashine kwa sura ya watu wengine tu. Lakini haitaingia kwa kungoja mfumo mpya uundwe. Itaingia siku ambayo koma ya mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila na siku ya tano ya mama wa Kabambare zitakapoandikwa mahali panaposomwa na mifumo iliyopo. Kazi hiyo haihitaji kiwanda wala mtaji mkubwa. Inahitaji daftari, wasemaji, na idara ya lugha iliyo tayari kuihesabu kuwa sehemu ya taaluma yake.